Bereti Imemkufurisha Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Kuna maneno yanayopita kutoka baraza hadi baraza huko pwani, na yamekwisha kutufikia hata sisi tulioko huku Dodoma, kwamba bereti ni kofia ya kanisa. Wasemao hayo hawasemi kwa dhana. Wanasema kwa yakini, na hoja yao ni jina. Wanasema: jina bereti limetokana na bireta, na bireta ni ile kofia ya pembe waivaayo mapadri wa Kikatoliki. Basi mwenye kuvaa bereti amevaa vazi la padri, na mwenye kuvaa vazi la padri amejishabihisha na Manasara, na aliyejishabihisha nao ni mwenzao. Hatua tatu tu, na kijana wa Kiislamu amekwisha kutolewa katika dini yake.

Lau maneno haya yangelikuwa ya kupitishia jioni barazani, tungeliyaacha yapite. Lakini yana watu yanaowaumiza. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha 6 huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa 2013, na katika kambi wanazopangiwa vijana iko ya Makutupora, nje ya mji huu wa Dodoma. Wanakuja watoto wa Tanga, wa Bagamoyo, wa Kilwa na wa Mafia, wanavishwa sare, na katika sare mna bereti. Sisi tunaofundisha huku tunayasikia masuala yao. Mmoja anauliza kama swala zake za miezi ile zimeswihi au azilipe. Mwingine ameambiwa na mjomba wake asithubutu kuingiza nyumbani picha aliyopigwa akiwa na kofia ile. Na wako wazazi wanaotafuta kila hila mtoto asiende kabisa, na sababu wanayoitoa mbele za watu ni dini, na dini yenyewe wameifupisha ikawa kofia.

Mtoto kuambiwa kuwa ametoka katika Uislamu si jambo dogo. Ni zito kuliko kofia zote za dunia. Kwa hivyo yatupasa tuitazame hoja hii kipande kwa kipande, tuone kama inasimama.

Jina limetoka wapi

Tuanze na jina, kwa kuwa wao wameanza na jina. Hatukatai kwamba bereti na bireta ni maneno ya ukoo mmoja. Hilo ni kweli, na Muislamu haikimbii kweli hata ikitoka kinywani mwa anayebishana naye. Lakini wao wamechukua nusu ya habari wakaacha nusu, na ile waliyoiacha ndiyo inayoivunja hoja yao.

Katika zama za mwisho za dola ya Kirumi palikuwa na joho zito lenye kofia iliyoshonwa pamoja nalo, likiitwa birrus. Wajuzi wa lugha wanadhani kwamba neno hilo Warumi walilipokea kwa Wagaul, watu waliokaa katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Lilikuwa vazi la kujikinga na baridi na mvua. Baadaye, katika Kilatini cha zama za kati, likatoka neno birretum, nalo likawa jina la kofia peke yake. Kutoka hapo neno likagawika njia mbili. Italia likawa berretta, na katika kofia zilizoitwa hivyo ndimo ilimotoka bireta ya mapadri. Kusini-magharibi ya Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees, katika lugha ya watu wa Béarn na Gascony, likawa berret. Wafaransa wakalichukua katika karne ya 19 wakaandika béret, likapita katika Kiingereza, nasi tukalipokea tukasema bereti.

Basi fahamu, ndugu msomaji, kwamba bereti haikuzaliwa na bireta. Hizo ni ndugu wawili wa baba mmoja, na baba huyo alikuwa joho la mvua. Ndugu mmoja alikwenda kanisani, na ndugu wa pili alikwenda malishoni. Kwani bereti ilivaliwa na wachunga kondoo wa milima ile. Walisokota sufi ya kondoo wao, wakaifuma, kisha wakairowesha na kuipondaponda mpaka nyuzi zikashikana, ikawa nguo isiyopitisha mvua upesi. Kwa Mungu hakuna sheria iliyoharamisha kofia ya mchunga kondoo, na Mitume wenyewe walichunga kondoo. Katika karne ya 19 kazi hiyo ikaingia viwandani; nyumba ya Laulhère katika mji wa Oloron-Sainte-Marie ilianza mwaka 1840.

Na kuna jambo la kuchekesha hapa. Watu wa kabila la Wabaski, ambao dunia nzima huwataja kwa kofia hii, wenyewe hawaiiti bereti. Huiita txapela. Neno hilo asili yake ni moja na neno la Kireno chapéu, na hilo la Kireno ndilo lililoingia Kiswahili likawa chepeo. Wareno ndio waliouchoma moto mji wa Mombasa mwaka 1505. Wameondoka, na neno lao limebaki vinywani mwetu. Je, kila mzee wa pwani aliyetamka chepeo alikuwa amejishabihisha na Wareno?

Ama jeshini, bereti iliingia mwishoni mwa karne ya 19 kwa askari wa milimani wa Ufaransa. Waingereza wakaipa kikosi chao cha vifaru mwaka 1924, na sababu yao ilikuwa ya kazi tu: haina ukingo wa kugonga chuma ndani ya kifaru chembamba, na ikiwa nyeusi haionyeshi mafuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaenea katika majeshi ya nchi nyingi. Jeshi la Misri linaivaa, na la Pakistan, na la Oman. Hatujasikia kwamba wanavyuoni wa Cairo au wa Maskati wamewatoa askari wao katika dini kwa sababu yake.

Burnusi aliyoivaa sahaba

Sasa tuje kwenye nusu waliyoiacha. Neno birrus liliingia pia katika Kiyunani likawa birros, na wako wajuzi wa lugha wanaosema kwamba kutoka huko Waarabu walipata neno burnus, yaani lile vazi lenye kofia iliyoshonwa nalo. Wanalugha wa Kiarabu wa kale walikhitilafiana juu ya neno hilo: wako waliolirudisha kwenye birs, maana yake pamba, na wako waliosema kwamba kwa asili si neno la Kiarabu. Hatumlazimishi mtu kushika kauli moja. Lakini twawauliza wenye hoja ya jina: ikiwa hukumu ya vazi inatolewa kwa kutazama ukoo wa jina lake, mtaifanyaje burnusi? Maana huenda ikawa ni ndugu wa tatu katika nyumba ile ile.

Na burnusi si vazi geni katika vitabu vyetu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mavazi ya mwenye kuhirimia, aliyataja yale asiyoyavaa, na burnusi ikiwamo, pamoja na kanzu na kilemba na suruali. Kila aliyesoma fiqhi anaelewa maana yake: mambo hayo yanazuiwa katika ihramu kwa kuwa nje ya ihramu ndiyo mavazi ya watu ya kila siku. Na Bukhari huyo huyo, katika kitabu cha mavazi, ameweka mlango mzima wa burnusi, akataja ndani yake kwamba Anas bin Malik alionekana amevaa burnusi ya rangi ya manjano. Huyu ni mtumishi wa Mtume, aliyekaa naye miaka 10.

Kisha sikiliza jambo ambalo lau wasemaji wetu wangelisoma, wangelinyamaza. Ibn Hajar al-Asqalani, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 852 Hijria, katika sherehe yake ya Bukhari ametaja kwamba baadhi ya watu wa kale walichukia kuvaa burnusi, kwa sababu ilikuwa vazi la watawa wa Kinasara. Imamu Malik akaulizwa juu yake, naye akajibu kwamba haina ubaya. Akaambiwa kuwa ni katika mavazi ya Manasara. Akajibu kwamba hapo Madina ilikuwa ikivaliwa.

Hebu lizingatie jawabu hilo. Suala aliloulizwa Imamu Malik zaidi ya miaka 1,200 iliyopita ndilo suala hili la leo: kofia ya mtawa. Hakwenda kutafuta neno limetoka kwa Warumi au kwa Wayunani. Alitazama watu waliokuwa mbele yake. Aliona Waislamu wa Madina wanaivaa, na hakuna aliyemwona mvaaji akamdhania kuwa ni mtawa. Hapo suala likakatika.

Na mbele ya Malik yuko mbora wa viumbe. Imepokewa kwa Mughira bin Shu'ba kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa safarini, alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba. Na nchi ya Sham zama hizo ilikuwa chini ya Warumi, nao ni Manasara. Lilifumwa huko, likashonwa kwa mtindo wa huko, na akalivaa.

Kujishabihisha ni nini

Watasema: na ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Abu Daud kwa Ibn Umar, juu ya mwenye kujifananisha na kaumu nyingine, mmeitupa? Hasha. Hatuitupi, na tunaiogopa. Ila hadithi hufahamika kwa elimu, haifahamiki kwa hamaki.

Wanavyuoni wamebainisha kwamba kujishabihisha kunakokatazwa ni katika yale mambo ambayo ni alama mahususi ya dini ya watu wengine, kiasi kwamba mtu akiyavaa hujulikana kwayo kuwa ni wa dini hiyo. Au mtu ayavae kwa kukusudia kufanana nao kwa kuipenda dini yao. Ama kitu kilichoenea kwa watu wote, hicho kimetoka katika kuwa alama. Ibn Hajar amelisema hili waziwazi juu ya lile shali la kichwani liitwalo tailasani. Zamani lilikuwa alama ya Mayahudi. Lilipoacha kuwa alama yao, likaingia katika mambo ya halali. Alama ikiondoka, hukumu yake nayo huondoka.

Basi twauliza: mtu akikutana njiani na askari mwenye bereti, je, humwambia kuwa ni padri? Mtoto mdogo wa Kisasa au wa Makole hapa mjini hawezi kukosea hivyo. Atakwambia ni askari. Alama ya bereti katika nchi yetu ni uaskari, na uaskari si dini. Ile bireta ya padri ni kitu kingine kabisa, ina pembe na kishada juu yake, na Muislamu akiivaa hiyo kwa kutaka kufanana na padri tutamkataza, hata kama jina lake lingekuwa la Kiarabu kitupu.

Na suala hili lilikwisha kufika Afrika kabla yetu. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal, kule Afrika ya Kusini, walimwandikia Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, kumuuliza juu ya Waislamu wanaovaa kofia za Kizungu kwa ajili ya shughuli zao. Mufti akajibu kwamba, ikiwa mvaaji hakusudii kutoka katika Uislamu na kuingia dini nyingine, havai ukafiri. Na akivaa kwa haja kama kujikinga na jua, hapana karaha. Wako waliomkasirikia kwa fatwa zile. Lakini tazama neno la Kiarabu la kofia iliyoulizwa: burnaita. Nalo limetoka katika ile berretta ya Waitalia. Ndugu wa damu wa bereti alikwisha kusimamishwa mbele ya Mufti, na akaachiwa huru.

Sisi watu wa Dodoma tuna mfano wa karibu zaidi. Nchi yetu ni nchi ya zabibu. Zabibu ni tunda halali. Ikigeuzwa mvinyo, ni haramu na ni najisi. Mvinyo huo ukigeuka wenyewe ukawa siki, bila ya kutiwa kitu ndani yake, madhehebu yetu yanasema umetoharika. Asili yake jana ilikuwa pombe, na leo unaitia kwenye kachumbari. Ikiwa sheria haikuifunga siki kwa ulevi wake wa jana, vipi tuifunge sufi ya kondoo kwa kofia ya ndugu yake iliyoko Roma?

Kofia zetu wenyewe

Na hebu tuzitazame hizi kofia tunazoziita za Kiislamu. Baraghashia inanasibishwa na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888. Haikushuka na Jibril. Ni kofia nzuri, ni adabu yetu, twaipenda, lakini ina umri na ina nchi. Tarbushi jina lake ni la Kiajemi. Huko Uturuki, Sultani Mahmud wa Pili alipowataka watu wake waivae badala ya kilemba, katika miaka ya 1820, palikuwa na watu wa dini walionung'unika kwamba ni uzushi. Ikafika mwaka 1925, serikali ya Uturuki ikapitisha sheria ya kuvaa chepeo cha Kizungu, na watu wakaitetea tarbushi ile ile kama nguzo ya dini. Wako walionyongwa. Babu alilalamika kwa kuvikwa tarbushi, na mjukuu akafa kwa kuvuliwa.

Huku bara tarbushi ina habari nyingine. Wadachi walipoitawala nchi hii, askari wao waliwavisha kofia ya umbo la tarbushi, na Waingereza nao wakawavisha askari wa KAR namna hiyo. Mtu wa Ugogo aliyekuja kudaiwa kodi ya nyumba na askari mwenye kiboko, kichwa alichokiona mbele yake kilikuwa na tarbushi. Lau angefuata kanuni ya hawa wasemaji wa leo, angesema kuwa tarbushi ni kofia ya Mdachi, na Uislamu ni dini ya kiboko. Alhamdulillahi hakusema hivyo. Uislamu uliingia nyanda hizi kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, kisha kwa reli iliyofika Dodoma mwaka 1910, na watu waliupokea kwa kuwa waliona swala na uaminifu wa wafanya biashara wema. Hawakuupokea kwa kofia, na hawakuukataa kwa kofia.

Tena, picha nyingi za miaka ya TANU zinamwonyesha Mwalimu Nyerere amevaa kofia ya kwetu pwani, naye alikuwa Mkatoliki aliyeshika dini yake. Je, alisilimu kwa kofia? Hakuna aliyedai hivyo. Basi ikiwa baraghashia haikumsilimisha Nyerere, bereti imemkufurisha nani?

Mambo yanayopasa kuulizwa

Tumesema kwamba jina halina hukumu. Hatukusema kwamba bereti haina masuala. Yako masuala ya kweli, na inasikitisha kwamba wale wenye kelele ya jina hawayataji hata moja.

La kwanza ni sijida. Katika madhehebu yetu ni lazima sehemu ya paji la uso ifike pale pa kusujudia ikiwa wazi. Mwenye kusujudu huku kitu alichokivaa kimelifunika paji lake lote, na kinakwenda pamoja naye, sijida yake haikuswihi. Bereti haina ukingo kama chepeo, na kwa hivyo ni nyepesi: mtu huisukuma nyuma ya nywele akaswali, au akaivua. Lakini kijana aliyeivuta mpaka kwenye nyusi, kama inavyovaliwa gwarideni, na akaswali hivyo bila ya paji kugusa chini, huyo ndiye wa kuambiwa azirudie swala zake. Hii ndiyo faida aliyostahiki kuipata kutoka kwa mjomba wake, badala ya kutishwa kwa habari za mapadri.

La pili ni sitara ya wasichana. Bereti haifuniki masikio wala shingo, na binti wa Kiislamu hasitiriki kwayo. Akipata ruhusa ya kuvaa mtandio chini yake, na avae. Asipopata, wazazi na viongozi wetu waende kwa wakubwa kuiomba kwa adabu na kwa hoja. Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu inasimama juu ya faradhi. Lakini ukienda kwa mkuu wa kambi ukamwambia kuwa kofia yake imetoka Roma, atakucheka, na haja ya binti itapotea katika kicheko hicho.

La tatu ni nembo. Kofia yoyote iliyotiwa msalaba, au alama nyingine ya ibada isiyokuwa yetu, Muislamu asiivae akiwa na hiari. Hapo tashabuhi ina mahali pake. Mtazame nembo, usitazame kamusi.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni mwenendo wa mwenye kuivaa. Wako watu wakishavaa bereti huona kwamba vichwa vya wengine vyote vimekuwa ngazi. Mgambo anayemmwagia mama nyanya zake sokoni, askari anayemdai maskini asichodaiwa, kuruta aliyerudi mtaani akawa hamsalimii mzee wake: hawa wana hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha katika hadithi aliyoipokea Muslim kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala na funga na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu na amempiga huyu, mpaka mema yake yote yagawiwe aliowadhulumu. Hakuulizwa alivaa kofia gani alipokuwa akipiga. Na twasikitika kwamba juu ya dhuluma hizi hatusikii sauti barazani, wala nusu ya ile tunayoisikia juu ya bereti.

Na upande wa pili nao una lawama

Tusionekane kwamba tumewaacha vijana. Wako waliorudi kutoka kambini wakaiona kofia ya viua, aliyoishona mama kwa mkono wake usiku kwa usiku, kuwa ni kofia ya watoto wa chuoni. Wanaidharau na kuona haya kuivaa mbele ya wenzao. Hao ugonjwa wao ni ule ule wa wazee wanaowalaumu: wote wamedhani kwamba heshima ya mtu imekaa juu ya nywele zake. Na wako wasiokwenda jeshini kabisa, wanaoivaa bereti upande kwa kuiga ile picha ya Che Guevara, aliyopigwa na Alberto Korda huko Havana mwaka 1960. Ukimuuliza mvaaji mtu huyo alikuwa nani, alipigania nini, na kwamba mwaka 1965 alipita katika nchi hii hii akielekea Kongo, hana jawabu. Kuiga bila ya kujua unamwiga nani, huko ndiko kuiga kunakomdhalilisha mtu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwalaumu Waislamu wa zama zake kwa jambo hilo: wanawafuata Wazungu katika yasiyo na faida, na elimu yao yenye faida wanaiacha. Lawama hiyo haijazeeka.

Nasaha

Mwaka 2017, tarehe 7 Desemba, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika kambi yao huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, ambao askari wake huvaa kofia na bereti za buluu tangu walipopelekwa Misri mwaka 1956. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waislamu, watoto wa nyumba kama hizi zinazousoma ukurasa huu. Twamtaka yule asemaye kwamba bereti ni vazi la ukafiri asimame mbele ya mama wa mmoja wao aliyekwisha kuzikwa kwa swala na dua, amwambie kwamba mwanawe alikufa akiwa amevaa kanisa. Ikiwa hawezi kulisema mbele ya mama huyo, basi asilisema barazani.

Na akumbuke onyo lililomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kumwita nduguye kafiri, neno hilo halipotei hewani. Humrudia mmoja wao. Mtu mwenye akili hatupi jiwe la namna hiyo kwa sababu ya kofia.

Enyi wazazi, mtoto wenu akiitwa kambini, msimwandame na jina la kofia. Mfundisheni kabla ya kuondoka namna ya kutawadha kwa maji machache, kukusanya na kupunguza swala za safari na mipaka yake, kuliweka wazi paji lake wakati wa sijida, na kumwambia mkubwa wake kwa heshima kwamba wakati wa swala umeingia. Mtieni kofia yenu ya mkono katika begi lake. Akirudi, mpokeeni, na jambo la kwanza mumuulize ni swala zake. Nanyi vijana, ivaeni sare kwa uaminifu, msimdhulumu mtu mkiwa nayo, na mkiivua msiidharau kofia ya baba zenu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wabillahi tawfiq.